Sukari inakaamsha, chakula njo kinakaponya

Mwezi wa saba, saa nane ya usiku, Kolwezi. Baba wa nyumba yuko ku kazi, posti ya usiku, na simu yake imebaki ndani ya kabati pale wanapobadilishia nguo. Mama analala. Binti yake wa pili, mwenye miaka 11, anakuja kumtikisa bega: "Mama, amuka! Imbwa inakufa!"

Karibu na mlango, juu ya triko ya zamani, katoto ka mbwa kamelala ubavu. Miguu inapiga kama inaogelea, shingo imejikunja nyuma, mate yanatoka mdomoni, macho yako wazi lakini hayaoni mtu. Kalikuwa kamefika jioni ileile kutoka Lubumbashi: Chihuahua ya kike, yenye majuma 7, uzito haufiki nusu kilo. Baba alikanunua dolari nyingi. Hatutaandika ngapi, maana yeye mwenyewe alituomba tusiandike. Binti alikuwa ameshinda mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na ahadi ya baba ni ahadi.

Neno la kwanza la mama lilikuwa hili: "Njo banamupa sumu."

Alikuwa na mtu wa kumfikiria. Majuma mawili walikuwa hawasalimiani na jirani, mama mzee wa lupango la pili, juu ya mambo ya maji ya robine. Mama alichukua tochi, akafunga kitenge vizuri, akatoka aende kumuamsha. Hakufika mbali. Yule mama mzee alikuwa amesikia kilio cha watoto na amekwisha kusimama mlangoni, bulangeti mabegani. Hakuuliza nani amefanya nini. Aliuliza: "Ilikula saa ngapi?"

Wakaanza kuhesabu. Jioni watoto walikapa bukari, kakanusa tu, kakaacha. Ndani ya bisi hakakupewa kitu, kwa sababu muuzaji alikuwa amesema: msikape chakula, katatapika njiani. Asubuhi, kule Lubumbashi, labda kalikula, labda hapana. Barabara ile inapita kilomita 300. Kiisha, kalipofika, watoto wane walikachezesha mpaka saa ya kulala. Ilikuwa karibu siku nzima na nusu ya usiku tumbo likiwa tupu, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua.

Mama mzee aliweka sukari ndani ya kijiko, akaongeza maji ya moto kidogo kutoka termosi, akakoroga kwa kidole, akapaka ku ufizi. Akangoja, akapaka tena. Baada ya dakika chache miguu ikanyamaza. Halafu kichwa kikainuka. Halafu ulimi ukatoka, ukalamba kidole. Watoto wakapiga makofi. Mama akasema asante, na hiyo asante ilikuwa ya kwanza tangu majuma mawili. Wakakarudisha juu ya triko, wakazima taa, wakalala.

Baba aliporudi saa moja ya asubuhi alimkuta binti ameketi chini karibu na mlango. Katoto ka mbwa kalikuwa ku mapaja yake, kamekuwa baridi.

Na hapo neno la sumu likarudi, sasa na nguvu mara mbili. Kile kijiko kilitoka ku mkono wa nani? Mutaa mzima ulizungumza juma moja. Sisi tulifika kule mwezi wa nane, na tulikuta malango mawili yamefungwa yakitazamana.

Tunaandika habari hii kwa sababu yule mama mzee hakufanya kosa. Alifanya kitu kizuri kuliko wote waliokuwa pale, lakini kilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Siku hizi katika miji yetu ya shaba, Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kolwezi, tumbwa tudogo tumekuwa twingi: Chihuahua, Yorkshire, bichon, caniche. Watu wengine wanacheka, wanasema ni mbwa wa wazungu. Wacha wacheke. Mtoto akililia mbwa wake, machozi yake si ya wazungu.

Na kwa kusema kweli, kuna moja kati ya hao ambaye ni ndugu yetu wa kazi. Yorkshire, yule mwenye manyoya marefu ambaye wanamfunga utepe ku kichwa kama bibi harusi, hakuzaliwa kwa ajili ya kukaa juu ya kiti. Kule Uingereza ya kaskazini, katika karne ya 19, walikuwa mbwa wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wa migodi ya makala ya mawe. Kazi yao ilikuwa kukamata panya. Mbwa mmoja aliyezaliwa mwaka wa 1865, aliyeitwa Huddersfield Ben, njo wanamhesabu kuwa baba wa ukoo wote. Lakini alikuwa mzito kuliko hawa wa leo. Watu waliendelea kuchagua wadogo, na wadogo wa wadogo, mpaka tukapata mbwa mzima ambaye hapiti kilo 3. Udogo huo ndio mzizi wa jambo letu.

Waganga wanauita ugonjwa huu hipoglisemi. Maana yake ni sukari kupungua ndani ya damu. Kila mwenye kushuka chini ataelewa kwa mfano wa taa ya kofia. Mbwa mkubwa ameshuka na betri kubwa, iliyochajiwa vizuri. Hata akikosa kula siku moja, taa inawaka. Betri yake ni ini, ambalo linaweka akiba ya sukari, na nyama na mafuta ya mwili, ambavyo ini linaweza kuvigeuza kuwa nguvu wakati wa njaa. Katoto ka mbwa kadogo kana ini dogo, ambalo bado halijajua kazi yake vizuri. Nyama ni kidogo, mafuta karibu hakuna. Lakini kichwa ni kikubwa kwa mwili wake, na ubongo unakula sukari mchana na usiku, hauna likizo. Zaidi ya hapo, mwili mdogo unapoteza joto haraka, kama vile kikombe cha chai kinapoa mbele ya sufuria. Kila joto linalotoka, sukari inachomwa ili lirudishwe.

Basi betri ndogo, taa kali, na baridi inakula betri. Saa chache bila chakula zinatosha. Wakati wa hatari zaidi ni tangu majuma 6 mpaka miezi 3 hivi, na kwa wale wadogo sana mpaka miezi 4.

Mtu akipima damu ya katoto ka mbwa kazima, mara nyingi anakuta sukari kati ya miligramu 80 na 120 kwa desilita. Chini ya 60, tayari ni kupungua. Ikishuka kuelekea 40, ubongo unaanza kuzimika. Ile mashine ndogo ya kupima sukari ambayo wazee wetu wenye ugonjwa wa sukari wanayo nyumbani inaweza kusaidia, kwa tone la damu ya sikio. Lakini imetengenezwa kwa damu ya mtu; ku mbwa mara nyingi inaonyesha chini kidogo ya ukweli. Na musingoje mashine. Dalili zinaonekana kwa macho.

Mwanzo wake hauna kelele, na hapo njo watu wengi wanapotea. Katoto kanakuwa kazito, kanalala kuliko kawaida, ukikaita kanainua kichwa pole pole. Wanasema: kamechoka, wacha kalale. Kiisha kanatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inaanguka. Kanatetemeka, na watu wanasema ni baridi tu. Inua mdomo uangalie ufizi: badala ya rangi nzuri ya waridi, umekuwa mweupe au kijivu. Gusa masikio na miguu: baridi. Macho yanaangalia mbali. Baada ya hapo kinakuja kifafa, ile kupiga miguu aliyoiona binti wa Kolwezi, na mwisho kulala kule ambako hakuna kuamka. Kutoka mwanzo hadi mwisho inaweza kuchukua saa moja au mbili.

Sasa, ukikaona kamelegea, ufanye nini? Tuseme pole pole, kwa sababu usiku hakuna wakati wa kutafuta gazeti.

Chukua asali. Hakuna asali? Kijiko kimoja cha sukari na kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu, koroga mpaka iyeyuke. Weka kidogo ku ncha ya kidole, inua mdomo wa juu upande mmoja, upake ku ufizi na ndani ya shavu. Kidole kisiingie kati ya meno, maana katoto kenye kifafa kanaweza kukuuma bila kujua. Sukari inapita ku ngozi ya mdomo, na kidogo inamezwa. Rudia kila dakika tano.

Usimimine! Hapa tunapandisha sauti kidogo. Mtu mwenye huruma anachukua kikombe, anafungua mdomo, anamimina maji ya sukari ili iende haraka. Katoto kasiko na akili hakawezi kumeza. Maji yanaingia ndani ya mapafu, na kesho kanakufa kwa mapafu hata kama sukari imerudi.

Wakati uleule, kapashe joto. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuvumilia, uifunge na kitambaa, uiweke karibu na tumbo lake, funika vyote na bulangeti. Au kaweke kifuani, ndani ya triko yako. Hiyo ni dawa ya zamani na haina bei. Lakini musikaweke karibu na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, tunajua watu wanaingiza mbabula ndani. Moshi ule usioonekana wa makala unaua mbwa, na unaua pia watoto wanaolala karibu naye. Wachimbaji mnajua hewa mbaya ni nini. Ya nyumbani ni ileile.

Kama baada ya dakika 10 au 15 hakuna mabadiliko, funga safari kwa munganga wa nyama, huku ukiendelea kupaka njiani. Huenda sukari ilishuka sana, huenda pia ni kitu kingine, na hapo sumu ya panya inaweza kuwa kweli. Lakini ona vizuri: katoto ambako kameamshwa na sukari peke yake kametupa jibu. Sumu ya panya haiponi kwa kijiko cha sukari. Mama wa Kolwezi alikuwa na ushahidi ule mbele ya macho yake, na hakuna aliyemfasiria.

Halafu inakuja ile nusu ya pili ya kazi. Katoto kameinua kichwa, kanalamba kidole, wote mnafurahi. Musilale.

Sukari mliyopaka ni kama karatasi ndani ya moto: inawaka vizuri, halafu inakwisha. Tena mwili ukiona sukari nyingi imeingia kwa ghafula, unatoa insulini ya kuishusha, na kwa katoto kasiko na akiba inaweza kushuka chini kuliko mwanzo. Kwa hiyo mara tu kanaposhika kichwa na kumeza vizuri, kape chakula cha kweli, kidogo tu, kiasi cha kijiko kimoja: yai lililochemshwa na kupondwa, kuku aliyepikwa bila kitunguu, au chakula cha tutoto twa mbwa kilicholainishwa na maji ya vuguvugu. Baada ya saa moja au mbili, tena. Na tena, mpaka asubuhi. Mtu mmoja anakaa macho, au watu wawili wanapokezana, kama vile posti. Katoto kanabaki ku joto. Asubuhi, hata kama kanakimbia na kucheza, kapelekwe kwa munganga wa nyama, kwa maana lazima kujua kwa nini kalianguka.

Mama wengi wamekwisha kuona jambo la namna hii, lakini ku mtoto wa mtu. Mtoto mwenye malaria kali, aliyekataa kula siku mbili, anaweza kuanguka kifafa siyo tu kwa homa, lakini kwa sababu sukari imekwisha ndani ya damu. Na kinini yenyewe inashusha sukari. Ndiyo maana walipokuwa wakiitia ku mshipa waliichanganya na seramu ya sukari. Mama anayekumbuka chupa ile ikining'inia juu ya kitanda cha hospitali ameelewa tayari.

Munganga wa nyama atafanya vilevile: seramu yenye glukoze ku mshipa. Glukoze nzito, ile ya 50 kwa mia, lazima ipunguzwe na maji ya dawa mbele ya kuingia ku mshipa, na haipigwi chini ya ngozi, kwa sababu inachoma nyama. Tunasema hivyo kwa sababu kuna watu wanaotembea na sindano mitaani wakijiita waganga. Mtu akitaka kukapiga sukari nzito ku ngozi ya shingo, chukua mbwa wako uende.

Kiisha atatafuta chanzo. Minyoo ni ya kwanza. Inaiba chakula ndani ya tumbo, na katoto kanaweza kuwa na tumbo la mviringo lakini kana njaa. Dawa ya minyoo inaanza mapema, tangu majuma 2, halafu kila majuma mawili mpaka yafike 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Kuhara na kutapika ni vya pili, na nyuma yake mara nyingi iko parvovirusi, ugonjwa mkali ambao chanjo yake ipo. Kama mbwa amepita miezi 4, anakula vizuri, na bado anaanguka, munganga ataangalia ini. Yorkshire na bichon wa Malta wanazaliwa mara nyingine na mshipa uliokosea njia, damu inapita kando ya ini badala ya kuingia ndani. Hapo hakuna asali itakayomaliza shida.

Tuje ku mambo ya kuzuia, na hapa tunataka kusema na wale wanaonunua.

Katoto ka majuma 6 au 7 kasiuzwe. Majuma 8 ndiyo mwanzo kwa mbwa wa kawaida, na kwa hawa wadogo sana, wafugaji wazuri wanangoja 10 mpaka 12. Muuzaji anayekuambia "chukua sasa, kakiwa kadogo njo kazuri" anakuuzia saa ya hatari, ili yenyewe ipite nyumbani kwako na siyo kwake. Uliza maswali matatu mbele ya kutoa pesa: kanakula nini, kanakula mara ngapi, kalikula saa ngapi leo. Omba kale mbele ya macho yako. Omba pia chakula kilekile cha siku chache, kwa sababu kubadilisha chakula siku ya kwanza kunaleta kuhara. Na wale wanaoandika "mini" au "kikombe cha chai" ili kupandisha bei, wanakuuzia udogo. Na udogo, tumekwisha kusema, ndio ugonjwa wenyewe.

Njiani, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi au Kolwezi, kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, kapewe chakula kidogo kila saa tatu. Katapika? Basi katapika, utapangusa. Matapishi hayaui haraka kama tumbo tupu. Kawe ndani ya sanduku lenye kitambaa, mbali na upepo wa dirisha. Na kakifika, watoto wakaangalie tu siku ile. Wachezeshe dakika 10, halafu kalale. Tunajua si rahisi kumwambia mtoto aliyengoja mwezi mzima.

Nyumbani, milo iwe minne mpaka sita kwa siku, midogo, na usiku usiwe mrefu: mlo wa mwisho wakati watu wanaenda kulala, wa kwanza wakati wa kwanza anaamka. Kwa familia ya mwenye posti, jambo hili tunaliona rahisi kuliko kwa watu wa ofisi! Nyumba ya mchimbaji haina usiku kamili. Kuna anayeondoka saa kumi, kuna anayerudi saa sita. Kila mlango ukifunguka, kisahani kijazwe. Lakini mtu mmoja awe na daftari, la sivyo kila mtu atasema ni mwenzake aliyekapa.

Bukari peke yake haitoshi. Inajaza tumbo dogo bila kuleta nyama wala mafuta. Changanya bukari kidogo na yai, na nyama iliyosagwa, au kapenta iliyoloweshwa maji kwanza ili chumvi itoke. Kitunguu hapana, kinaharibu damu ya mbwa. Maziwa ya unga, ambayo kila mtu anafikiri ni chakula cha watoto wote wa dunia, yanaleta kuhara kwa tutoto twa mbwa wengi, na kuhara kunarudisha ugonjwa uleule. Asali na sukari siyo chakula cha kila siku. Ni za usiku ule mmoja.

Kuna vitu viwili vya kuondoa ku sakafu. Cha kwanza ni chiklé bila sukari, na dawa nyingine za meno: ndani yake mara nyingi kuna kitu kinachoitwa ksilitoli, kitamu kwa mtu, lakini ku mbwa kinaamsha insulini kwa nguvu na kinashusha sukari ndani ya dakika chache. Cha pili ni vidonge vya muzee mwenye ugonjwa wa sukari. Kidonge kimoja kilichoanguka chini ya kitanda kinatosha kuua katoto ka nusu kilo.

Na kama unaweza, kapime uzito kila asubuhi ku mizani ya jikoni, saa ileile. Katoto kazuri kanapanda. Kakishuka siku moja, angalia; siku mbili, enda kwa munganga.

Tuseme pia neno moja ambalo halitafurahisha wauzaji. Nyumba ambayo wote wanaondoka asubuhi na kurudi usiku isinunue katoto ka namna hii. Imbwa yetu ya kijijini, yenye miguu mirefu na masikio yaliyosimama, inakua na nguvu, inalinda lupango, na mtoto anaipenda vilevile. Hakuna haya. Haya ni kulipa dolari nyingi ili kuzika.

Tulirudi Kolwezi mwezi wa kumi. Baba alikuwa amenunua kengine, safari hii ka majuma 11, gramu 900, kenye karatasi ya chanjo. Alisema alifikiri mara mbili, lakini binti alikuwa hasemi tena juu ya mbwa, na kunyamaza kule kulimsumbua kuliko kilio. Ku ukuta wa jikoni, juu ya ndoo ya maji, binti amechora saa kwa kalamu nyekundu na nyeusi. Saa kumi na moja ni mama. Saa moja ni baba akitoka posti ya usiku, na akiwa posti ya asubuhi ni kaka mkubwa. Saa saba ni binti mwenyewe akitoka shule. Saa kumi na mbili, saa ine ya usiku, wanapokezana. Chupa ndogo ya asali inaning'inia ku msumari kando ya saa hiyo, na watoto wote, hata wa mwisho, wanajua si ya mkate.

Ilibaki saa ine ya asubuhi, wakati mama yuko sokoni. Tuliuliza ni nani. Binti alionyesha dirishani. Robine ilikuwa imekwisha kutengenezwa, na tangu tulipowasomea maandishi ya habari hii mwezi wa nane, mama alikuwa amevuka njia mwenyewe, na sahani ya kapenta mkononi. Waliyoyasema hatukuambiwa. Tulipokuwa tunaaga, mama mzee alikuwa anafungua mlango wa lupango kwa ufunguo wake mwenyewe, na ndani kale kambwa kalikuwa kamekwisha kusikia miguu yake na kuanza kubweka.